Ndege wa Mtoni na Pwani: Mwongozo Kamili wa Kuwatazama kwa Kusoma Maji

Mara ya kwanza kwenda kutazama ndege wa pwani nilifika saa sita mchana, maji yamekupwa kabisa. Mbele yangu kulikuwa na tope hadi upeo wa macho, na mbali kule vidoa vidogo vikitembea. Nilivikodolea macho kwa saa mbili, nikarudi nyumbani kichwa kikigonga, nikiwa na jina moja tu daftarini: shakwe, tena kwa sababu alinipita juu ya kichwa. Nililaumu darubini. Miezi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba darubini haikuwa na kosa. Nilikuwa nimekwenda saa ambayo hakuna ndege mwenye sababu ya kuwa karibu na nchi kavu.

Ndege wa maji humkimbilii. Unayasoma maji, unakaa pale yatakapomleta, kisha unamngoja. Karibu kila kitu kilicho katika mwongozo huu kinatokana na hilo.

Anza na saa ya maji

Pwani nyingi za bahari kuu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baada ya hapo, huja bamvua: maji hupanda juu sana na kukauka mbali sana. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Bahari zilizofungwa kama Mediterania na Baltiki hazina mabadiliko makubwa ya namna hiyo. Huko utategemea zaidi upepo na saa za mchana.

Tafuta jedwali la maji la mahali unapokwenda. Kisha ujue kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya mafungu 12: gawa kimo chote cha maji mafungu 12, halafu hesabu saa sita za kujaa. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kukuonyesha kwamba nusu nzima ya maji huingia katika zile saa mbili za katikati. Aliyezoea kuyaona yakija polepole kwenye saa ya kwanza hushtukia yamemfika magotini.

Fika kama saa tatu kabla ya maji kujaa. Wakati huo ndege wametawanyika kwenye matope wakila, na kila dakika maji yanawasogeza kwako bila wewe kuinua mguu. Ikibaki saa moja, sehemu ya kulia imekwisha. Wataanza kuruka makundi kwa makundi kwenda kwenye kipumzikio chao, ambacho kwa kawaida ni fungu la mchanga, mwamba, ulimi wa changarawe au mikoko. Hapo husimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, wakingoja. Ni saa nzuri ya kuwahesabu. Si saa ya kuwasogelea, na nitaeleza sababu mbele.

Bamvua na maji mafu hubadili mchezo huu. Kwenye maji mafu huenda tope lote lisifunikwe, ndege wakabaki mbali mchana kutwa. Kwenye bamvua kubwa, kipumzikio chenyewe huzama, na kundi lote huhamia mahali usipotegemea: mashamba ya chumvi, uwanja wa nyasi, ukingo wa bwawa. Ukikuta pwani tupu siku ya bamvua, geuka utazame nyuma yako, upande wa nchi kavu.

Mtoni saa ni nyingine

Mto hauna jedwali la kujaa na kupwa, isipokuwa karibu na mlango wake. Una kina na una mikondo, na hivyo navyo husomeka.

Angalia kona. Upande wa nje wa kona maji huenda kasi, hula ukingo, na kuacha genge lililosimama wima. Ukiona matundu ya mviringo kwenye genge hilo, ni milango ya viota vya mdiria au keremkeremu (ndege mla nyuki). Upande wa ndani maji hulegea na kutua mchanga. Hapo ndipo vitwitwi, ndege wadogo wa tope na mchanga, hukimbilia, na hapo ndipo mabata hupanda kuota jua. Kwa hiyo kaa upande wa ndani, mbali na maji, utazame genge la ng'ambo. Mchanga nao uwe ubavuni pako.

Tafuta pia vijiti vilivyochomoza majini. Kijiti chenye madoa meupe ya kinyesi ni kiti cha mtu. Mdiria ana viti vyake anavyovirudia; akikimbia ulipofika, kaa kimya dakika ishirini, mara nyingi atarudi palepale. Mnandi naye hupanda mti mkavu na kutandaza mabawa kama nguo zilizoanikwa, kwa sababu manyoya yake hulowa maji. Kulowa huko ndiko kunakomsaidia kuzama, ila gharama yake ni kujianika.

Wakati mzuri kuliko wote ni maji ya mafuriko yanapoanza kurudi mtoni. Samaki hunaswa kwenye vidimbwi vinavyokauka, na korongo, kwarara, mwari na yangeyange hujazana humo kwa siku chache. Maji yanapopanda ni kinyume chake: mafungu ya mchanga huzama na ndege hupotea. Kama huna muda wa kwenda mara nyingi, ngoja mto ushuke.

Halafu kuna mlango wa mto, na kama una siku moja tu, nenda huko. Mto unapokutana na bahari hupoteza kasi na kuutua udongo wote uliobeba. Tope hilo limejaa minyoo, kaa na kome, na kila mdomo una kina chake: wenye mdomo mfupi huokota cha juu, wa kati huchovya, na sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini huingia hadi kwenye tundu la kaa. Ndiyo maana utaona aina kadhaa kwenye hatua kumi za tope bila kugombana sana.

Vifaa

Darubini ya mkononi yenye namba 8x42 inatosha kwa miaka mingi. Namba 8 ni mara ambazo inakuza, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 upate milimita 5.25: huo ndio upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni. Darubini ya 10x42 inakupa 4.2, kwa hiyo alfajiri huwa na giza zaidi, na kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara kumi badala ya nane. Wanaoanza hupenda namba kubwa. Mimi nilipenda pia, hadi mikono iliponichoka.

Irekebishe kwanza. Bana au panua mirija mpaka uone duara moja, si mawili. Ukivaa miwani, rudisha vikombe vya macho ndani. Usipovaa, vitoe nje. Kisha funga jicho la kulia, tazama kitu kilicho mbali kwa jicho la kushoto na uzungushe gurudumu la katikati hadi kiwe wazi. Sasa funga la kushoto, ufungue la kulia, na urekebishe kwa ile pete ndogo ya upande wa kulia, bila kugusa gurudumu. Kumbuka pete ilipo. Tangu hapo utatumia gurudumu peke yake. Nimekutana na watu waliobeba darubini ya gharama kubwa kwa miaka bila kuijua pete hiyo.

Teleskopu ya miguu mitatu husaidia sana pwani, mahali ambapo ndege wako mita mia tatu mbele. Nyingi hukuza mara 20 hadi 60. Joto likishapanda, usihangaike na 60: mazigazi juu ya tope yatakufanya umwone kitwitwi anachezacheza kama moto wa mshumaa. Rudi kwenye 20 au 30, au rudi kesho alfajiri.

Vingine ni kofia, maji ya kunywa, daftari, penseli (kalamu ya wino hufa ikilowa), na nguo za rangi iliyopoa. Nyeupe huonekana mbali mno.

Chagua pa kukaa

Jua liwe mgongoni. Ndege aliye kati yako na jua ni kivuli cheusi tu, hata akiwa heroe (flamingo). Hii ina maana kwamba mahali pazuri pa asubuhi huenda pakawa pabaya jioni, na kwamba unatafuta siku ambayo saa ya maji na upande wa jua vinakubaliana. Siku hizo si nyingi; zitie alama kwenye kalenda.

Upepo nao una kazi. Ndege waliosimama huelekeza vichwa upepo unakotoka, ili manyoya yasifumuliwe, na huruka kwa kuukabili. Upepo ukivuma kutoka mgongoni mwako, wote watakukazia kifua na hutaona urefu wa mdomo wala mstari wa bawa. Ukivuma kutoka ubavuni, utawaona kwa upande, kama picha za kitabuni. Ni jambo dogo, lakini hugeuza siku nzima.

Kaa chini. Mtu aliyesimama kwenye pwani tambarare huonekana kama mnara. Aliyeketi mbele ya kichaka hupoteza umbo. Gari lililosimama ni kibanda kizuri mno, mradi usifungue mlango.

Kumjua ni nani

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu huanza na rangi. Rangi iache mwisho. Vitwitwi wengi huzaliana Aktiki wakiwa na manyoya mekundu au meusi, na wakifika kusini wote wamekuwa kijivu. Kinda ana rangi yake, mzazi yake, na jua la jioni linawapaka wote dhahabu. Uliza kwanza: anafanyaje kazi?

Tazama mwendo. Miongoni mwa ndege wadogo wa tope kuna makabila mawili makubwa. Wa kwanza wana macho makubwa na mdomo mfupi: hukimbia, husimama ghafla, hutazama, hudonoa mara moja, hukimbia tena. Hao huwinda kwa macho. Wa pili huinamisha kichwa na kuchomachoma tope bila kupumzika, kama sindano ya cherehani. Hao hupapasa, kwani ncha ya mdomo ina mishipa ya kuhisi kilicho chini. Ukiweza kutenganisha makabila hayo mawili tu, umeshagawa kundi katikati.

Tazama mdomo ukiwa kazini. Domomwiko huufagiza kushoto na kulia majini. Heroe huugeuza juu chini na kuchuja. Mwari hutumbukiza mfuko mzima. Ndege akielea hewani, mdomo umeelekezwa chini, kisha akaanguka majini kama jiwe, baharini mara nyingi ni buabua. Shakwe huruka akitazama mbele na hupendelea kuokota au kunyang'anya. Mnandi na mbizi huchanganywa kila siku: mnandi ana ndoano kwenye ncha ya mdomo, mbizi ana mkuki ulionyooka, na akiogelea mwili wote huzama ibaki shingo tu, kama nyoka aliyesimama majini.

Tazama shingo angani. Neno korongo limebeba mzigo mzito katika lugha yetu: watu humwita hivyo karibu kila ndege mrefu wa miguu mirefu. Anga hutatua ugomvi huo haraka. Anayeruka amekunja shingo kama herufi S, kichwa kati ya mabega, ni wa ukoo wa yangeyange. Anayeruka na shingo imenyooka mbele ni wa koo nyingine: wale korongo wa midomo mizito, kwarara, domomwiko, heroe. Mwari na korongo mfuko-shingo (marabu) pia hukunja shingo, lakini midomo yao haiwezi kukupoteza.

Yangeyange weupe wanastahili aya yao. Mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za njano, kana kwamba amekanyaga rangi. Ukimwona akitikisa mguu mmoja majini, anawafukuza samaki waliojificha. Anayefuata mifugo ni mfupi wa shingo, mdomo wa njano mfupi, na mara nyingi yuko nchi kavu. Yule mkubwa kuliko wote ana shingo yenye pingili kama imevunjika, na ufa wa mdomo wake (mstari mdomo unapofumbika) hupita nyuma ya jicho. Yuko wa kati anayefanana naye mno, ila ufa wake huishia chini ya jicho. Msimu wa kuzaliana rangi za midomo na miguu hubadilika, kwa hiyo ufa wa mdomo ndio shahidi wa kuaminika.

Majina ya Kiswahili hubadilika kutoka mwambao mmoja hadi mwingine, na jina moja huweza kuwa la ndege watatu. Andika jina unalolijua, na pembeni andika la kisayansi. Programu za simu kama Merlin husaidia kupunguza orodha, lakini picha ya mbali iliyotiwa ukungu huipotosha programu kama inavyompotosha mtu. Iulize baada ya kumaliza kutazama, si kabla.

Kuhesabu kundi

Kundi la ndege elfu halihesabiki kwa kidole. Hesabu kumi mmoja mmoja, ukariri ukubwa wa kipande hicho kwa jicho, kisha kitandaze juu ya kundi: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa zaidi, tengeneza kipande cha mia. Kosa la kawaida ni kuhesabu pungufu, hasa pale ndege waliposongamana katikati. Wakiwa angani anza mkiani mwa kundi, uende na mwendo wao. Piga picha pia, uihesabu nyumbani, uone ulikosea kwa kiasi gani. Ndiyo njia pekee niliyoiona ikinoa jicho.

Hesabu hizo zina wenyewe. Tangu 1967, ndege wa maji huhesabiwa kimataifa kila Januari, na kazi hiyo, ambayo leo inaratibiwa na Wetlands International, hutegemea sana watu wa kujitolea. Ukienda peke yako siku yoyote, unaweza kuweka orodha yako kwenye tovuti ya eBird, iliyoanzishwa 2002 na maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell nchini Marekani. Ukiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, andika rangi, mguu gani, juu au chini ya goti, na herufi zilizomo. Kuna mtu mahali fulani anasubiri habari hiyo.

Kwa nini usiwasogelee

Oktoba 2022 ndege mmoja wa ukoo wa sululu, Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi. Safari ya namna hiyo huendeshwa kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini kwenye tope lilelile unalotaka kulivuka ili upate picha. Kila mara kundi linaporushwa, hutumia akiba hiyo na kupoteza muda wa kula, na muda huo una mwisho kwa sababu maji yanapanda.

Ndege hutoa onyo kabla ya kuruka. Wanaokula wanaacha. Vichwa vinainuka. Wanaanza kutembea kukupa mgongo, mmoja anaita, mwingine anainua mabawa kidogo. Ukiona vichwa vimeinuka, simama. Vikibaki juu, rudi nyuma hatua kadhaa, taratibu, mpaka waanze kula tena. Huo ndio umbali wako wa siku hiyo, na kesho huenda ukawa mwingine.

Msimu wa viota, usitembee juu ya mchanga mkavu ulio juu ya mstari wa maji. Mayai ya kitwitwi na buabua yana rangi ya mchanga wenyewe na hayana kiota cha kuonekana. Ndege akijikokota mbele yako huku bawa limelegea kana kwamba limevunjika, usimfuate wala usimhurumie: anakuvuta mbali na makinda. Rudi ulikotoka kwa nyayo zako zilezile, upesi, kwani jua kali huweza kuua yai lisilofunikwa kwa muda mfupi. Usicheze sauti za ndege kwa simu, usirushe droni, na usitangaze mahali kilipo kiota.

Maiti ya ndege usiiguse kwa mkono mtupu. Homa ya mafua ya ndege ya H5N1 imeua ndege wa bahari kwa wingi katika mabara kadhaa. Ukikuta maiti nyingi mahali pamoja, piga picha na uwaarifu maofisa wa mifugo au wanyamapori.

Tope, maji na wanyama

Maji ya bahari hayaji kutoka mbele peke yake. Huingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, na fungu ulilosimama juu yake hugeuka kisiwa ukiwa umekazia jicho darubini. Mimi lilinipata mara moja, nikatoka maji yakiwa kiunoni, teleskopu kichwani. Tangu siku hiyo naweka kengele ya simu ilie saa ya kuondoka, na inapolia naondoka hata kama kuna ndege ambaye bado sijamjua.

Pima tope kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Mguu ukinasa, usiuvute kwa nguvu ukisimamia mwingine, utanasa yote miwili. Keti au lala chali ili uzito uenee, utikise mguu taratibu maji yaingie pembeni yake, kisha utambae kuelekea ulikotoka. Kiatu kiache.

Mtoni penye mamba au viboko, usikae ukingoni wala kwenye njia iliyolainishwa na miguu mizito. Keti juu, mbali na maji, na mwonekano wako utakuwa bora pia. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi.

Daftari

Andika ukiwa hapohapo: saa, maji yanajaa au yanakupwa, upepo unatoka wapi, ndege gani, wangapi, wanafanya nini. Chora hata kama mchoro wako unafanana na viazi vyenye miguu. Mkono unaochora mdomo hulazimisha jicho liutazame. Usiyemjua mwandike vilevile, pamoja na urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, rangi ya miguu, na alichofanya aliporuka.

Jioni, kabla hujalala, nakili yote kwa mwandiko unaosomeka, kisha ongeza dakika 50 kwenye saa ya maji ya leo na uweke kengele ya kesho.